Maji Yaingiayo na Maji Yatokayo: Kizimba cha Kinyonga katika Pembe ya Sayansi

Miongoni mwa viumbe ambao mwalimu wa shule ya msingi aweza kuwaonyesha wanafunzi wake kwa siku chache katika pembe ya sayansi, kinyonga ana mahali pake pa pekee. Macho yake hugeuka kila moja upande wake. Miguu yake hushika kijiti kama koleo. Ulimi wake huruka mbali kupita urefu wa kiwiliwili chake. Na rangi yake hubadilika mbele ya macho ya watoto. Kwa sababu hiyo walimu wengi wamwekapo kinyonga darasani hushughulika na macho, ulimi na rangi, wakasahau jambo ambalo ndilo linaloamua kama kiumbe huyo ataishi au atakufa mikononi mwao. Jambo hilo ni maji.

Vinyonga waliofungiwa huangamia kwa njia mbili zinazopingana. Wengine hufa kwa kiu ilhali bakuli la maji limewekwa chini yao. Wengine hunyunyiziwa maji kutwa kucha, sakafu haikauki, ukungu huota, nao huugua mapafu na miguu. Azma ya makala haya ni kuonyesha kwamba maradhi hayo mawili yana kinga moja: mwalimu na wanafunzi wake wajue, kila siku, ni maji kiasi gani yameingia kizimbani na yametokea wapi. Kadhalika tunakusudia kuonyesha kwamba hesabu hiyo ya maji ni zana bora ya kufundishia, pengine bora kuliko kinyonga mwenyewe.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kukumbushana jambo la sheria. Kinyonga ni mnyamapori. Katika Tanzania wanyamapori hulindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na katika Kenya ipo sheria ya mwaka 2013. Mwalimu asimkamate wala kumfuga kinyonga kabla ya kuonana na ofisa wa wanyamapori wa wilaya yake na kupata kibali. Tahadhari hii yahusu zaidi vyuo na shule zilizo milimani. Baadhi ya vinyonga wa misitu ya Usambara hawapatikani mahali pengine popote duniani. Na mwaka 2006 wataalamu walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki, waliipa jina la Kinyongia kutokana na neno letu wenyewe. Vinyonga kama hao waachwe mitini mwao. Endapo kibali hakikupatikana, somo halipotei: sehemu kubwa ya mambo tutakayoyaeleza yaweza kufundishwa kwa kizimba chenye mimea tu, kisicho na mnyama ndani yake.

1. Kinyonga hunywaje?

Kinyonga wa kawaida wa nchi zetu, yule mwenye vipande viwili vya ngozi vilivyolala shingoni mithili ya masikio, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, huishi juu ya vichaka na miti. Huko juu hakuna dimbwi wala kisima. Maji yake ni umande wa alfajiri na matone ya mvua yaliyoshikamana na majani. Anapoliona tone likimetameta na kutikisika, hulisogelea polepole, akalilamba au akaling'ata pamoja na ncha ya jani. Maji yaliyotulia bakulini hayametameti wala hayatikisiki, na aghalabu kinyonga hayatambui kuwa ni maji. Bakuli hilo huishia kuwa kaburi la panzi na mahali pa kuozea kinyesi.

Tena kinyonga hana haraka. Majani yanapoanza kulowa, huweza kukaa dakika nyingi akitazama tu kabla hajaanza kunywa. Mwalimu anayenyunyiza maji kwa sekunde chache, kisha akaenda zake akiamini kwamba ametimiza wajibu, amelowesha majani tu. Kiu ya mnyama ipo pale pale.

Sasa tuyatazame yale yanayotokea kichakani baada ya mvua. Upepo hupita, jua hutoka, majani hukauka, na maji yaliyoanguka chini huzama katika ardhi yenye kina kirefu. Maumbile, basi, hufanya kazi tatu: huleta maji, hukausha majani, na huondoa maji yaliyobaki. Kizimba hakina upepo wa kutosha wala ardhi yenye kina. Mwalimu anayemfungia kinyonga amejitwika kazi zote tatu. Walimu wengi huifanya ile ya kwanza tu, na hapo ndipo chanzo cha madhara.

2. Kizimba na sakafu yake

Kwa kinyonga mmoja wa aina tuliyoitaja, kizimba chenye upana wa sentimita 45, kina cha sentimita 45 na kimo cha sentimita 90 chafaa kwa muda mfupi wa somo. Kimo ni muhimu kuliko upana, kwa maana mnyama huyu hutafuta usalama juu. Kuta zote nne na paa viwe vya wavu mwembamba wa madirisha, uliokazwa juu ya fremu ya mbao. Sanduku la vioo halifai: hewa yake haitembei, joto hupanda upesi, na maji yakiingia hayana njia ya kutoka. Mbao zipakwe rangi ya mafuta na kuachwa zikauke kabisa, hata harufu iishe, kabla ya mnyama kuingizwa; mbao tupu hunywa maji, zikavimba na kuota ukungu.

Kizimba kisimame juu ya miguu yenye urefu wa sentimita 30 hivi, ili chini yake pawe na nafasi ya chombo cha kukingia maji. Sakafu iwe ni sinia la bati lenye kingo zilizopandishwa. Fundi wa mabati aweza kulitengeneza kutokana na debe kuukuu lililokunjuliwa na kusafishwa. Kingo zote zikunjwe zisimkate mtoto wala mnyama. Sinia hilo liinamishwe kuelekea pembe moja. Kwa upana wa sentimita 45, mwinamo wa sentimita moja na nusu watosha. Katika pembe ya chini litobolewe tundu, nalo tundu lizibwe kwa kipande cha wavu ili panzi wasitoroke. Chini ya tundu uwekwe mkebe wa kukingia.

Kuipima sakafu hiyo ni zoezi ambalo wanafunzi hulipenda. Wape gololi, waiweke katika kila pembe ya sinia kwa zamu. Ikiwa kutoka kila pembe gololi huviringika hadi kwenye tundu, kazi ya fundi ni nzuri. Ikisimama katikati, hapo pana bonde, na maji nayo yatasimama hapo hapo. Baada ya gololi, wamimine kikombe kimoja cha maji, wangoje dakika tano, kisha wapitishe karatasi kavu juu ya bati. Karatasi itawaonyesha maji yaliyobaki yamejificha wapi.

Twasisitiza kwamba sakafu iwe tupu. Walimu wengi hupenda kutandika udongo, maranda au majani makavu ili kizimba kifanane na msitu. Kwa macho ya watu hupendeza; kwa kinyonga ni hatari. Matandiko hayo hushika maji, huficha kinyesi na wadudu waliokufa, na huwa shamba la ukungu. Hatari zaidi ni ile desturi ya kumwaga kokoto chini na udongo juu yake ndani ya chombo kisicho na tundu, kwa kudhani kwamba kokoto zitayaondoa maji. Kokoto haziondoi maji, zinayaficha tu. Maji yasiyo na mlango wa kutokea yamo humo humo, yananuka chini ya miguu ya mnyama.

Lipo jambo moja la kuangaliwa mbali na hayo. Jike mwenye mayai huhitaji mahali pa kuchimba. Akionekana ameshuka sakafuni na kuzunguka-zunguka akikwaruza, apewe ndoo yenye matundu chini, iliyojazwa mchanga hadi kina cha sentimita 30. Unyevu wake hupimwa kwa mkono: mchanga ukifumbatwa ushikamane, lakini usitoe maji. Lililo bora zaidi ni kumrudisha jike huyo alikotoka bila kukawia.

3. Vyungu vya mimea

Mimea ndani ya kizimba ni ngazi ya kinyonga, ni kivuli chake, na ndiyo bilauri anayonywea maji. Mpera mchanga na haibiskasi ni mimea inayofaa na inayopatikana kwetu. Mimea yenye utomvu mkali, kama mnyaa, isiingizwe kabisa. Majani yaoshwe kwa maji safi kwanza, hasa ikiwa mmea umetoka mahali palipopigwa dawa ya wadudu.

Chungu ndicho mahali ambapo maji hupotelea bila kuonekana. Wengi wetu tulifundishwa kwamba, ili chungu kipitishe maji vizuri, lazima tabaka la kokoto liwekwe chini ya udongo. Mafundisho hayo yameenea sana, lakini majaribio yameyakanusha. Maji hayashuki kutoka katika udongo wenye chembe ndogo kuingia katika nafasi pana za kokoto mpaka kwanza udongo ulio juu ya kokoto ushibe kabisa. Kwa hiyo tabaka la maji ambalo lingekaa chini ya chungu sasa hukaa juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi.

Jambo hili laweza kuthibitishwa darasani kwa sifongo ya mstatili. Mwanafunzi ailoweshe hata ishibe, kisha aishike ikiwa imelala juu ya vidole vyake mpaka isitone tena. Darasa zima litakubali kwamba maji yamekwisha kutoka. Hapo mwalimu amwambie aisimamishe wima bila kuikamua. Matone yataanza kuanguka upya. Sifongo ni ile ile na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni kimo. Kadiri kimo kinavyozidi, ndivyo maji yanavyoshuka na kutoka, na ndivyo sehemu iliyobaki imeloa inavyokuwa ndogo. Chungu kilichojazwa kokoto hadi theluthi yake kimepunguziwa kimo cha udongo. Kimefanywa kuwa sifongo iliyolazwa.

Basi, chungu kijazwe udongo uliochanganywa na mchanga wa chembe kubwa kuanzia chini hadi juu. Tundu lake lifunikwe kwa kipande cha wavu tu, kuzuia udongo usimwagike. Juu ya udongo yapangwe mawe laini, makubwa kuliko kichwa cha kinyonga, ili asije akala udongo pamoja na mdudu. Chungu kisikalie kisahani wala kisigusane na bati moja kwa moja, bali kiwekwe juu ya vipande viwili vya tofali ili tundu lake lipumue.

4. Namna ya kuingiza maji

Hakuna haja ya mashine. Katika nchi za ng'ambo, wafugaji wa vinyonga hutumia pampu za umeme zinazonyunyiza maji kwa saa maalumu. Shule ya msingi yaweza kupata matokeo mema kwa kopo na msumari. Kopo safi litobolewe chini kwa ncha ya msumari mwembamba, liwekwe juu ya paa la wavu, nalo litone juu ya jani la juu kabisa. Tone litashuka kutoka jani hadi jani, likimetameta kama umande. Ikiwa tundu limekuwa kubwa mno, yapo maarifa mengine: kitambaa chembamba cha pamba kitumbukizwe koponi, na ncha yake ya pili ining'inie nje, chini ya usawa wa maji. Kitambaa kitayavuta maji na kuyatonesha kidogo kidogo, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa.

Maji yawe safi na yasiwe baridi ya kumshtua mnyama. Manyunyu yatangulie kwa dakika mbili au tatu ili majani yalowe na kinyonga aanze kutazama. Kisha kopo liachwe litone. Mnyama asipuliziwe maji usoni, asitumbukizwe majini, wala asifunguliwe kinywa kwa nguvu.

Saa inayofaa ni asubuhi, baina ya saa moja na saa mbili, wakati ambapo hata kichakani umande ungekuwapo. Kanuni tunayoipendekeza ni hii: maji ya asubuhi yawe yamekauka majanini kabla ya adhuhuri. Yakiwa bado hayajakauka, hewa haitembei vya kutosha, au maji yametolewa kupita kiasi. Kizimba kihamishiwe penye upepo mwanana, na sehemu yake moja ipate jua la asubuhi huku nyingine ikibaki kivulini. Alasiri, manyunyu mafupi yanaweza kurudiwa ikiwa hewa ni kavu.

5. Hesabu ya maji: mfano wa somo

Hapa ndipo kizimba kinapogeuka kuwa somo. Tunapendekeza somo hili kwa darasa la tano, nalo laweza kuunganisha Sayansi na Hisabati.

Kwanza, wanafunzi watafute ukubwa wa tone. Wahesabu ni matone mangapi yanayojaza mililita 10 katika chupa ya dawa yenye alama. Matone ya kawaida ya maji hukaribia 20 kwa kila mililita, lakini tundu kubwa hutoa tone kubwa. Kwa hiyo darasa litumie hesabu yake lenyewe, lisitumie ya kitabu.

Pili, wakadirie. Kopo likitona mara moja kila sekunde, yatakuwa matone 60 kwa dakika. Katika kipindi cha dakika 40 yatakuwa matone 2,400. Ikiwa matone 20 ni mililita moja, basi kizimba kimepokea mililita 120. Wengi hushangaa kwamba tone dogo vile laweza kufikia kiasi hicho katika kipindi kimoja. Mwalimu aulize: Je, mnyama huyu mdogo aweza kuyanywa maji yote hayo? Jibu li dhahiri. Hapo huzaliwa swali la maana: mengine yamekwenda wapi?

Tatu, wapime. Mililita 120 zimiminwe koponi. Zikiisha kutona, yapimwe upesi maji yaliyo katika mkebe wa chini, kabla hayajageuka mvuke. Tuseme zimepatikana mililita 75. Zimepungua 45. Wanafunzi wataje wenyewe zilikokwenda: majani yaliyoloa, udongo wa chungu, mvuke uliochukuliwa na hewa, na kinyonga aliyekunywa. Mwalimu awe macho hapa. Asiruhusu darasa liseme kwamba kinyonga amekunywa mililita 45. Wanachojua ni kwamba 45 hazikufika mkebeni, basi. Kumzoesha mtoto kutenganisha lile alilolipima na lile analolidhania ni faida kubwa kuliko jina lolote la kisayansi atakalolikariri.

Nne, waandike kila siku katika daftari la maji. Tuseme tena kwamba Jumatatu mkebe ulipata mililita 75, Jumanne 77, Jumatano 74, Alhamisi 58, na Ijumaa 41. Maji yaliyoingia ni yale yale kila siku. Ni nini kimetokea? Mwalimu asitoe jibu. Awapeleke kizimbani. Ikiwa siku hizo zilikuwa za upepo na jua kali, na bati na majani ni makavu, mvuke umezidi. Lakini ikiwa kuna unyevu pembeni, jani kavu limeziba wavu wa tundu, au chungu kimezama katika dimbwi lake, basi maji yametuama. Kwa tarakimu hizo wanafunzi wameigundua hitilafu kabla ya harufu, kabla ya ukungu, na kabla ya mnyama kuugua. Darasa lisilopima litayajua hayo siku ya maiti.

Kwa sababu hiyo twashauri kwamba kizimba kiendeshwe kwa majuma mawili bila kinyonga. Mimea iwemo, maji yatone, daftari liandikwe. Mpaka sakafu imeonekana kukauka kila siku bila kushindwa, mnyama asiletwe. Majuma hayo yana faida nyingine: kinyonga akiisha kuingia, tarakimu za nyuma zitakuwa kipimo cha kulinganishia.

6. Dalili za kuangaliwa

Mwili wa kinyonga ni daftari la pili. Mwenye maji ya kutosha huwa na macho yaliyojaa, yaliyotokeza vizuri. Macho yakidumbukia ndani na ngozi ikakunjamana, ana kiu kali. Kinyesi nacho husema. Kinyonga hatoi mkojo mwingi wa majimaji. Uchafu wa figo zake hutoka kama uji mzito mweupe pamoja na kinyesi cheusi, na kwa njia hiyo huhifadhi maji mwilini. Sehemu hiyo nyeupe ikigeuka njano iliyokolea au rangi ya chungwa, maji hayatoshi.

Kwa upande wa pili, mapovu puani, kamasi kinywani, na kichwa kilichoinuliwa juu ili avute pumzi ni dalili za ugonjwa wa mapafu, ambao aghalabu hufuatana na unyevu uliotuama na baridi. Kinywa kilicho wazi peke yake chaweza pia kuwa dalili ya joto kali. Basi mwalimu atazame kwanza kama mnyama yuko juani bila kivuli. Vidonda vya miguuni na madoa ya ukungu katika ngozi huashiria vijiti na sakafu visivyokauka. Dalili hizi zionekanapo, aitwe ofisa wa mifugo au wa wanyamapori bila kusubiri mwisho wa juma.

7. Usafi na afya ya wanafunzi

Maji yatokayo kizimbani si maji safi. Vinyonga, kama mijusi na nyoka, huweza kubeba bakteria waitwao salmonela bila wao wenyewe kuonekana wagonjwa, na bakteria hao huwaharisha watu, hasa watoto wadogo. Kila agusaye mnyama, kizimba au mkebe anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mkebe usisafishwe mahali panapooshewa vyombo vya chakula. Maji yake yamwagwe katika shimo la taka au kwenye mizizi ya miti ya kivuli. Yasimwagwe katika bustani ya mchicha.

Mkebe umwagwe kila siku. Katika joto la nchi zetu, mbu huweza kukua kutoka yai hadi kuruka kwa muda usiozidi majuma mawili, na mbu waenezao homa ya dengi hupenda vyombo vidogo kama hivyo. Jiji la Dar es Salaam lilipatwa na mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Isije ikawa pembe ya sayansi ndiyo inayozalisha kile ambacho somo la afya linakataza.

8. Tofauti za mahali na za nyakati

Mwalimu asiyafuate maelezo haya kama kasuku. Aliye Tanga au Dar es Salaam anaishi katika hewa yenye unyevu tangu mwanzo. Kazi yake kubwa ni kukausha, na huenda mara moja kwa siku ikatosha kabisa. Aliye Dodoma, katika miezi mirefu ya kiangazi baina ya Mei na Novemba, ataona majani yakikauka mara tu kopo linapokwisha; yeye arefushe muda wa kutona na arudie alasiri. Aliye Lushoto, katika baridi ya Juni na Julai, ajiepushe na kulowesha kizimba jioni, maana unyevu na baridi vikikutana usiku mapafu ndiyo huumia. Daftari la maji la kila shule ndilo litakaloeleza kanuni ya mahali pale.

Jumamosi na Jumapili zisisahauliwe. Iwepo zamu iliyoandikwa, yenye majina ya wanafunzi wawili wawili na mtu mzima wa kuwasimamia. Pale ambapo watoto wanamwogopa kinyonga, nao ni wengi, kwa kuwa masimulizi ya makabila mengi ya Kibantu humtaja kuwa ndiye mjumbe aliyechelewa na habari ya uzima, mwalimu asiwadhihaki wala asiwalazimishe kumshika. Awape zamu ya kuhesabu matone. Mtoto aliyehesabu matone asubuhi tano mfululizo amemtazama kinyonga asubuhi tano mfululizo, naye hofu yake hupungua bila kuhubiriwa.

Muda wa mnyama darasani uwe mfupi. Majuma mawili au matatu yanatosha kwa somo. Kabla ya likizo arudishwe kwenye kichaka kile kile alikotolewa, wakati wa asubuhi, mbele ya wanafunzi.

Hitimisho

Kwa muhtasari, tumesema kwamba kinyonga hunywa matone, hanywi bakuli. Kwamba sakafu iwe tupu, yenye mwinamo na tundu. Kwamba kokoto si mbadala wa mlango wa maji. Na kwamba maji ya asubuhi yakauke kabla ya adhuhuri. Juu ya hayo yote, tumesema kwamba maji yahesabiwe.

Ndugu wanachuo, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha mtakuta shule zisizo na maabara, na pengine zisizo na vitabu vya kutosha. Lakini hakuna shule isiyoweza kupata kopo, msumari, kipande cha bati na daftari. Kiumbe aliyefungiwa hawezi kwenda kujitafutia umande, wala kulikimbia dimbwi lililo chini yake; yote hayo yamo mikononi mwa aliyemfungia. Mwanafunzi akiisha kulielewa jambo hilo kwa kinyonga mmoja, atakuwa amejifunza namna ya kulitazama bomba la shule linalovuja, mtaro wa kijiji ulioziba, na shamba la baba yake lililotuama maji: atauliza yameingia kiasi gani, na yatatokea wapi.